Jina la Godeliva



Katika sharika za Ngara na Biharamulo yuko mama au binti aitwaye Godeliva. Jina hili si la Biblia, wala si la Kihangaza wala la Kisubi. Ni la Kiholanzi, Godelieve, kama linenwavyo Flandria katika nchi ya Ubelgiji: God ndiye Mungu, na lieve ni mpendwa. Lilitufikia kwa majirani. Kwa maana Wabelgiji walitawala Rwanda na Burundi tangu 1916 hata 1962, na wamisionari wao Wakatoliki walibatiza kwa majina ya watakatifu wa kwao. Akiitwa Habimana, kila asikiaye hufahamu ya kuwa Mungu yupo. Bali Godeliva huitwa maisha yake yote, na wamwitao hawajui wanenalo.

Mtakatifu huyo alikuwa mke wa Bertolf, bwana wa Gistel. Habari zake ziliandikwa na mtawa Drogo, si miaka mingi baada ya kufa kwake. Mumewe alimchukia tangu arusi. Mavyaa yake akampunguzia chakula, naye hata hicho kidogo akawagawia maskini. Akakimbilia kwa baba yake. Shauri likafika kwa mtawala na kwa askofu, wakaamuru Bertolf ampokee tena mkewe. Akampokea kwa maneno matamu. Mwaka 1070 watumishi wake wawili wakamnyonga usiku, wakamtia majini.

Sisi Walutheri hatuwaombi watakatifu. Walakini Ungamo la Augsburg la 1530, katika sehemu ya 21, latufundisha kuwakumbuka. Nami nikimkumbuka huyu, simwangalii sana Bertolf, maana uovu wake u wazi. Namwangalia askofu. Nia yake ilikuwa njema, ndoa isivunjike. Lakini alimrudisha mpendwa wa Mungu mahali alipochukiwa, akaridhika na ahadi ya mume. Bwana alipoona ya kuwa Lea hapendwi (Mwa. 29:31), alimwangalia Lea mwenyewe.

Basi, wazee wa sharika, Godeliva akibisha kwenu usiku, mtoto mgongoni na uso umevimba, msifanye haraka kupatanisha. Mwulizeni yeye peke yake, mumewe asipokuwapo, kama aogopa kurudi. Akisema naam, na alale kwenu. Na yule mume aje na maneno yake matamu mbele ya baraza, na mbele ya serikali pia.