Kisima Chako, Maji ya Wote

Amri ya saba yatukataza kuiba. Je, achotaye maji katika kisima chake mwenyewe aweza kuwa mwivi? Twasema, aweza. Tutazame Makutupora, penye visima viunyweshavyo mji wa Dodoma. Vipimo vilivyotunzwa huko tangu miaka ya 1950 vyaonyesha kwamba maji ya chini ya ardhi hayajazwi sawasawa kila mwaka. Hujazwa hasa na mvua kubwa za miaka michache, kama zile za 1997 na 1998. Basi maji hayo ni akiba, nayo ni ya jirani zetu pia, na ya watoto watakaozaliwa. Kwa hiyo kupima kisima ni tendo la haki. Asiyepima atajuaje kwamba amechota yaliyo yake tu?