Starehe ya Mwenye Ndege

Msomaji, ukipita barabara ya Lang'ata mjini Nairobi asubuhi ya Jumamosi, utaziona ndege ndogo zikiinuka moja moja kutoka Kiwanja cha Wilson. Nyingi kati ya hizo zimo kazini: hupeleka watalii mbugani, na madaktari na dawa katika sehemu zisizo na njia njema. Lakini miongoni mwake hutokea moja ambayo haina abiria wa kulipa nauli wala shehena ya kuuza. Mwenye kuiendesha ndiye mwenye kuimiliki. Ataizunguka milima ya Ngong, atalitazama Bonde la Ufa likifunguka chini yake, kisha atarudi alikotoka. Ukimwuliza alikwenda kutafuta nini, atakujibu kwamba alikwenda kuruka tu.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Chama cha warukaji kiitwacho Aero Club of East Africa kilianzishwa mwaka 1927, na kiwanja chenyewe kilipewa mwaka 1962 jina la Bibi Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha kampuni ya ndege hapa Kenya mwaka 1929. Siku hizo starehe hii ilikuwa ya walowezi wachache. Leo mlango uko wazi kwa Mkenya yeyote mwenye fedha na bidii. Sharti awe ametimiza miaka 17, apimwe na daktari, afaulu mitihani, na awe amejifunza hewani kwa muda usiopungua saa 40, ndipo apewe leseni ya kujirusha mwenyewe.

Swali ninalotaka tulipime pamoja ni hili: Je, mtu ana haki ya kuuweka uhai hatarini kwa ajili ya furaha tu? Askari huhatarisha uhai wake kwa nchi yake, mvuvi kwa chakula cha wanawe, na mwuguzi kwa wagonjwa wake. Hao wote wana udhuru mzito. Mrukaji wetu hana udhuru ila furaha yake. Udhuru huo watosha?

Wako watu ambao hawataki hata kulifikia swali hili, kwa sababu hukwama kwenye mali. Husema kwamba Kiwanja cha Wilson hakiko mbali na Kibera, na kwamba ni aibu mtu kuchoma petroli angani hali chini yake wako watu wanaohesabu vikombe vya unga. Maneno haya yana uzito, wala si vema kuyapuuza. Walakini tukiyafuata mpaka mwisho wake, hatutabakiza starehe yoyote duniani. Watu wa Lamu hushindanisha majahazi siku za sikukuu. Hawavui samaki siku hiyo, wala hawapakii mikoko. Hushindana kwa kuwa kushindana ni kutamu. Hapana mtu mwenye akili awaitaye wabadhirifu. Kipendacho roho ni dawa, na binadamu asiye na jambo alipendalo pasipo faida ni mfano wa ng'ombe wa jembe. Mali iliyopatikana kwa halali, na ambayo haki zake zimekwisha tolewa, humruhusu mwenyewe kufurahi.

Lakini neno moja la hao washitaki husimama. Petroli itumiwayo na ndege nyingi ndogo bado imetiwa risasi, madini yenye sumu ambayo yamekwisha ondolewa katika petroli ya magari. Moshi huo hauulizi nani mwenye ndege. Basi furaha ya mmoja ina sehemu inayolipwa na wengine, na mwenye ndege hana budi kukumbuka kwamba anga analolipita ni paa la watu. Asiruke chini juu ya nyumba zao kwa kujionyesha, na siku mafuta safi yatakapofika karibu naye, asiyakatae kwa sababu ya bei.

Sasa tuje kwenye uhai. Mtu aweza kusema: "Uhai ni wangu; nikianguka nitaanguka peke yangu." Maneno haya yana sauti ya ushujaa, lakini hayana hesabu. Hakuna mtu anayeanguka peke yake. Nyuma yake yuko mama aliyemlea, mke au mume, watoto ambao hawajaanza shule, na wadeni wake. Uhai wa mtu ni kama shamba la ukoo: yeye hulilima, hula matunda yake, lakini hana ruhusa ya kulitupa.

Zaidi ya hayo, ndege ndogo mara nyingi ina kiti cha pili. Tarehe 14 Mei 1931, Denys Finch Hatton, mwindaji mashuhuri aliyekuwa na ndege yake mwenyewe aina ya Gipsy Moth, aliruka kutoka Voi. Ndege ilizunguka juu ya kiwanja, kisha ikaanguka na kushika moto. Yeye alizikwa katika milima ya Ngong, na vitabu vingi vimeandikwa juu ya maisha yake. Lakini ndani ya ndege ile alikuwamo pia mtumishi wake, Mkikuyu jina lake Kamau, naye alikufa papo hapo. Siandiki haya ili nimhukumu maiti. Nataka utazame kiti cha pili. Ndege haikuwa ya Kamau. Leseni haikuwa yake. Starehe ya kumiliki haikuwa yake. Alichoshiriki kwa sawasawa na bwana wake ni kifo.

Tangu hapo swali letu hubadilika sura. Haliwi tena, "Naweza kuhatarisha uhai wangu?" bali, "Ni nani aliyeniamini, naye hana njia ya kujua kama nastahili kuaminiwa?" Abiria hawezi kuipima injini, wala hawezi kusoma mawingu. Huingia, hufunga mkanda, na hutabasamu. Tabasamu lile ni deni.

Deni hilo hulipwaje? Hulipwa kabla ya kuruka, mahali ambapo hapana mtu anayetazama. Rubani mwema huizunguka ndege yake kwa miguu, akishika mabawa, akikagua magurudumu, akipima mafuta ya injini. Huchuja petroli kidogo kutoka chini ya tangi na kuitia katika chupa nyeupe, akaiinua kwenye mwanga. Anatafuta maji. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini, na matone machache yakifika kwenye injini yaweza kuizima juu ya miti. Mara 99 hataona kitu. Mara ya 100 pia yumkini hataona kitu. Lakini atachuja tena, na hakuna atakayempigia makofi. Kazi kama hii ndiyo ipimayo uaminifu wa mtu. Uaminifu wa mbele ya watu ni nusu tu. Nusu ya pili ni ule wa chupa ya petroli.

Iko na hesabu nyingine, ngumu kuliko ya maji. Ndege maarufu sana kwa warukaji wa starehe ni Cessna 172, iliyoanza kuuzwa mwaka 1956. Ina viti vinne. Lakini matangi yake yakijazwa mafuta, mara nyingi haiwezi kubeba watu wazima wanne bila kuvuka uzito ulioruhusiwa. Tena Kiwanja cha Wilson kiko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Huko juu hewa ni nyepesi: injini hupungukiwa na nguvu, na mabawa hupungukiwa na cha kuegemea. Ndege iliyoinuka kwa wepesi Mombasa huhitaji njia ndefu zaidi Nairobi kwa mzigo ule ule. Basi fikiri, msomaji: rafiki watatu wamefika wamevaa vizuri, mmoja wao amesafiri toka Nakuru kwa ajili ya siku hii, na kalamu inasema kwamba mmoja sharti abaki. Je, rubani atakuwa na uso wa kumwambia? Wengi wetu twaweza kushinda woga wa kuanguka, lakini hatuwezi kushinda haya ya kumnyima rafiki. Haya hiyo imeua watu.

Kuna adui mwingine aliye ndani ya mwili wenyewe. Ndani ya sikio mna mifereji midogo yenye maji, ambayo hutujulisha kama tu wima au tumeinama. Macho yakiona upeo wa dunia, yote huwa sawa. Lakini rubani akiingia katika wingu au giza nene, na ndege ikigeuka polepole, maji yale hutulia, na mwili humwambia kwamba anakwenda sawa hali anazama upande. Vipimo vilivyo mbele yake husema kweli. Mwili wake humdanganya kwa sauti ya urafiki. Kuvitii vipimo na kuukana mwili ni elimu ya pekee, yenye mafunzo na cheti chake.

Usiku wa tarehe 16 Julai 1999, John F. Kennedy Mdogo, mwana wa rais wa Marekani aliyeuawa mwaka 1963, aliirusha ndege yake kutoka New Jersey kuelekea kisiwa cha Martha's Vineyard. Alikuwa rubani wa starehe, naye hakuwa na cheti kile. Pamoja naye walikuwamo mkewe na shemeji yake. Juu ya bahari palikuwa na giza na utusitusi, na upeo haukuonekana. Ndege ilitumbukia baharini, na wote watatu walikufa. Wachunguzi wa serikali waliamua kwamba rubani alipotewa na hisi ya mwelekeo akashindwa kuitawala ndege. Hakukosa mali, wala jina, wala ndege nzuri. Lakini giza halitambui mtoto wa rais.

Hapa ndipo ninapoona jawabu la swali letu. Furaha ni udhuru wa kutosha kwa hatari, lakini kwa sharti moja: mwenye kufurahi awe na uwezo wa kuiacha furaha hiyo pale pale inapokuwa mkononi mwake. Mtu aliyekwisha lipia mafuta, akawaalika wageni, akavaa miwani yake ya jua, kisha akatazama wingu lililokaa juu ya Ngong akasema, "Leo haturuki," huyo ana haki ya kuruka kesho. Asiyeweza kulisema neno hilo hana ndege. Ndege ndiyo yenye yeye.

Huenda mtu akauita huo woga. Awaulize manahodha wa pwani yetu. Majahazi yao yalifika Arabuni na Bara Hindi, na hapana aliyethubutu kuwaita waoga. Walakini upepo wa kusi ulipochacha katika miezi ya Juni na Julai, walikaa bandarini wakishona matanga. Hawakuona haya kungoja, kwa kuwa walijua kwamba bahari haishindwi, huafikiwa. Woga ni kukimbia wajibu. Kuikimbia starehe kwa ajili ya wajibu ni jina lake jingine.

Utaniuliza: "Na yule aliyechuja petroli, akapima uzito, akangoja mawingu, kisha akaanguka?" Naam, yuko. Uangalifu hauondoi hatari yote, hupunguza tu. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya watu wawili hawa wafikapo mbele ya jamaa za abiria. Mmoja amefikwa na msiba. Mwingine ameuleta. Machozi ya jamaa ni yale yale, na kaburi ni lile lile, ila hukumu si moja.

Msomaji, yumkini hutamiliki ndege maishani mwako. Wachache mno wataimiliki. Lakini baada ya miaka michache utashika usukani wa kitu fulani: pikipiki ya boda boda, gari la mjomba, au mashua ya baba. Nyuma yako atakaa mtu, pengine ndugu yako mdogo aliyekuomba umpeleke sokoni. Atakushika kiuno, wala hatakuuliza kama umetazama breki. Jioni hiyo mvua itakuwa imeanza, rafiki zako watakuwa wanakungoja, na moyo wako utatamani mwendo. Usiulize kama wewe huogopi. Tazama breki, kisha mtazame yule aliye nyuma yako. Na ikiwa njia haifai, mwambie kwa sauti ya kawaida kwamba mtakwenda kesho.