Kupona Baada ya Kisu, Kupona kwa Kisu

Mwaka 1862 Spencer Wells, daktari wa upasuaji wa London, alimpasua mwanamke tumbo akidhani ana uvimbe kwenye kifuko cha mayai. Akakuta maji, na vinundu vidogo vya kifua kikuu vimetapakaa kwenye utando wa tumbo. Akayatoa maji, akamshona, mwanamke akapona. Mwaka 1884 daktari König wa Göttingen, Ujerumani, alitangaza wagonjwa wengine waliopata nafuu vivyo hivyo, na kwa miongo kadhaa kulifungua tumbo na kulifunga kukahesabiwa kuwa tiba. Wengine walisema ni hewa inayoponya, wengine mwanga. Lakini aliyepona baada ya kisu amepona kwa kisu? Maradhi ya aina ile, yenye maji tumboni, mara nyingine hutulia yenyewe, na aliyefariki harudi kutoa ushahidi. Mwamba ngoma huvutia kwake: mtenda ndiye aliyekuwa shahidi wa tendo lake.

Streptomaisini, dawa ya kifua kikuu, ilipogunduliwa mwaka 1943, kisha dawa nyingine zikafuata, kesi ikapata shahidi wa pili. Leo dozi ya kawaida ni miezi 6, dawa nne kwa miezi 2 na mbili kwa miezi 4, na wengi wenye kifua kikuu cha tumbo hupona bila kupasuliwa. Kisu kimebakiwa na kazi zake: utumbo ulioziba, uliotoboka, jipu lisilonyonyeka kwa sindano, damu isiyokatika. Hata hapo hukata kidogo, maana palipokuwa pembamba panaweza kupanuliwa bila kuondoa kipande kirefu. Kwa hiyo nashikilia kwamba mwili wa mgonjwa ni amana, na anayetaka kuukata ndiye anayedaiwa hoja, si yule anayeomba subira.

Nitajibiwa kwamba kusubiri nako ni kutenda, na utumbo uliotoboka haumngoji mwanafalsafa. Ni kweli, na hapo hoja imekwisha kutolewa na tumbo lenyewe. Nitaambiwa pia kwamba kipimo cha makohozi mara nyingi hakigundui kilichofichika tumboni, na kwamba maradhi haya hujifananisha na saratani. Basi daktari aingize kamera, achukue kinyama akapime. Nakubali, ila hapo kisu kinauliza, hakiponyi, na mgonjwa ana haki ya kuelezwa hivyo kabla hajatia saini. Pingamizi lililonisumbua zaidi ni jingine. Dawa huponya kidonda cha utumbo kwa kuacha kovu, na kovu hujikunja. Mtu anayemeza vidonge kwa uaminifu anaweza kurudi hospitalini utumbo umeziba, si kwa sababu dawa imeshindwa bali kwa sababu inafanya kazi. Hapo kisu hakishindani na kidonge, kinasafisha njia ambayo uponyaji wenyewe umeifunga. Hata hivyo mdaiwa wa hoja habadiliki, kwani baadhi ya mibano hiyo hulegea dawa zikiendelea. Tena mshono wa nje huunga ndani ya majuma machache, ndugu wakauona, wakashukuru, wakadhani yamekwisha, ilhali vidonge vya miezi vimebaki kwenye kopo. Kovu linaloonekana huchukua sifa ya dawa isiyoonekana, kosa lile lile la mwaka 1862, na safari hii daktari ana la kusema kabla mgonjwa hajaruhusiwa kwenda nyumbani.