Kipawa cha Kuazima

Mwaka 2015, mjini Saint Petersburg, Andrei Ioniță alitwaa medali ya dhahabu ya chelo katika Mashindano ya Kimataifa ya Tchaikovsky. Chelo ni ile fidla kubwa ambayo mpigaji huishika katikati ya magoti. Watu walimsifu kijana huyo wa Romania, aliyezaliwa Bucharest mwaka 1994, kwamba ana kipawa. Lakini kipawa ni kitu ambacho mtu amepawa. Aliyepewa tu, apongezwe kwa lipi?

Jibu la haraka ni jasho. Alianza piano akiwa na miaka mitano, akashika chelo akiwa na minane. Alifundishwa na Ani-Marie Paladi huko kwao, kisha akaenda Berlin kusoma kwa Jens Peter Maintz. Mwaka 2014 alishika nafasi ya pili katika mashindano ya muziki ya ARD mjini Munich, akarudi mazoezini.

Hata hivyo, jasho nalo lina wadai wake: walimu, nyumba iliyomlea, sikio alilozaliwa nalo. Hata ule moyo wa kutochoka hakuununua popote.

Chombo chenyewe hakikuwa chake. Kwa miaka kadhaa alipiga chelo iliyotengenezwa na Giovanni Battista Rogeri wa Brescia, Italia, mwaka 1671, aliyoazimwa na taasisi ya Kijerumani ya Deutsche Stiftung Musikleben. Ilipochongwa, mtunzi Johann Sebastian Bach alikuwa bado hajazaliwa. Alikuja duniani miaka 14 baadaye.

Mswahili hachanganyi amana na azima. Amana huwekwa isiguswe, ili mwenyewe akija aikute kama alivyoiacha. Cha kuazima hutolewa kitumike, kisha kirudi. Katika Injili ya Mathayo, mtumwa aliyefukia talanta ardhini hakuiba hata senti. Kosa lake ni kuifanya amana mali aliyopewa aizungushe. Chelo iliyofungiwa kabatini haidhuru mtu, wala haimfai mtu. Basi mpigaji hapongezwi kwa kupewa. Anapongezwa kwa namna alivyokitumia alichopewa.

Ugumu uko kwenye kurudisha, maana siku yake haitangazwi. Mpiga chelo Mwingereza Jacqueline du Pré alikuwa na miaka 28 pale madaktari walipombaini, mwaka 1973, kuwa na maradhi ya mfumo wa neva yaliyokwisha kuanza kumnyang'anya vidole vyake. Alifariki mwaka 1987, akiwa na miaka 42. Hakuna hoja inayofuta uchungu huo, na anayesema kipawa ni cha Mungu asiukwepe. Chelo yake ya Stradivari ya mwaka 1712, iitwayo Davidov, ilipita mikononi mwa mpiga chelo mwenzake Yo-Yo Ma, naye akaendelea kuipigia walimwengu.

Hata muziki wenyewe ni wa kuazima. Nakala ya vipande sita vya Bach vya chelo pekee, kwa mkono wake mwenyewe, imepotea. Miongoni mwa zilizobaki ni ile iliyonakiliwa na mkewe, Anna Magdalena, na alama zake za upinde hazieleweki vizuri kila mahali. Kila mpigaji hulazimika kuamua mwenyewe. Ioniță alipotoa albamu yake ya kwanza, mwaka 2019, alikipiga cha kwanza kati ya hivyo sita, na katika albamu hiyohiyo akaweka kazi ya Brett Dean, mtunzi Mwaustralia aliyezaliwa mwaka 1961.