Mdaiwa wa Njaa

Sheria hukiona chakula upesi pale kinapoua. Kipindupindu kikiingia mjini Unguja, hutoka amri ya kufunga vibanda vya juisi na urojo, na hakuna anayeuliza kwa nini: mgonjwa yupo, chakula kilichomdhuru kipo, muuzaji yupo. Kazi hii ya kukagua chakula ni kongwe. Fikihi ilimweka muhtasibu sokoni akague mizani na maziwa yaliyotiwa maji, na bwana afya anayepita soko la Darajani leo anashika njia ileile. Wameokoa roho nyingi.

Lakini yuko mtoto wa mtaa wa Ng'ambo anayelishwa wali mtupu kwa mchuzi mwepesi, siku nenda siku rudi, kwa kuwa bei ya samaki haikamatiki. Mchele wake wa mapembe ni safi. Umetoka Asia kwa meli, umelipiwa ushuru bandarini, umepimwa kwa haki dukani. Kila mkono uliougusa ni halali, na mtoto hana damu ya kutosha. Madhara yasiyo na mkosaji tuyaite dhuluma, au bahati mbaya?

Amartya Sen, katika kitabu chake cha 1981 juu ya umaskini na njaa, alionyesha kuwa njaa ya Bengal ya 1943 haikuletwa na uhaba wa chakula peke yake. Chakula kilikuwepo, waliokufa walikosa njia halali ya kukifikia. Kwa hiyo anayetaka sheria isiingie katika chungu cha maskini amechelewa. Imo tangu zamani: katika vibali vya kuagiza mchele, katika ukodishaji wa ardhi za pwani, katika leseni za uvuvi.

Zanzibar ilipotunga Sheria ya Uhakika wa Chakula na Lishe, Na. 5 ya 2011, ilikitambua chakula kuwa haki. Mwanafalsafa wa Uingereza Onora O'Neill angehoji: haki hiyo anadaiwa nani? Haki isiyo na mdaiwa anayejulikana, kwake, ni maneno matupu. Pingamizi hili ni zito. Naona, hata hivyo, kwamba wengi wetu tunalijibu vibaya kwa kumsaka mkosaji, na tusipompata tunafunga jalada. Mdaiwa si lazima awe mkosaji. Mwanazuoni wa Kiislamu Al-Ghazali alihesabu hifadhi ya nafsi kati ya mambo matano ya lazima ambayo sheria imekuja kuyalinda. Na wanazuoni wakasema aliyefikwa na dharura apewe chakula na mwenye ziada, hata kama ni kwa kulipia. Mwenye ziada hakumtia mwenziwe njaani. Anadaiwa kwa sababu anaweza.

Kipimo hicho cha uwezo ni kikali kuliko kinavyoonekana. Huko Kizimkazi wanakijiji wamewahi kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, na mimi nawaheshimu kwa hilo: wamekubali kuwa wadaiwa wa watakaokula baadaye. Ila mwenye chombo huenda kuvua mbali zaidi. Mwanamke anayechokoa pweza kwa miguu maji yakitoka hana pa kwenda. Miezi ile anailipa yeye, kwa mboga ya nyumbani kwake. Wanunuzi wanaopeleka pweza mahotelini hungoja tu siku ya kufungua, waje kuchukua walio wakubwa. Hao ndio wenye uwezo, na hao ndio wangepaswa kuandikwa katika kanuni za kufunga mwamba, wachangie kitoweo cha wanaosubiri.