Enyi Watafiti, Utajeni Mkono Uliomshika Panya

Ndugu zangu mnaopima woga, maumivu na kumbukumbu kwa panya wa maabara, nisikilizeni! Kuna mgonjwa anaisubiri dawa mnayoitafuta. Hajui majarida yenu, anajua maumivu yake tu. Msimpelekee jambo lililokuwa kweli ndani ya chumba chenu peke yake.

Kumbukeni yaliyowakuta John Crabbe, Douglas Wahlsten na Bruce Dudek. Maabara zao zilikuwa Portland na Albany huko Marekani, na Edmonton huko Kanada. Walichukua panya wa koo zilezile na umri uleule, wakatumia vifaa vya namna moja, wakaanza majaribio siku moja, saa ileile ya kila mji. Nani angekuwa mwangalifu zaidi ya hapo? Hata hivyo, matokeo waliyoyachapisha mwaka 1999 yalipishana. Kwenye ile njia ya msalaba iliyoinuliwa juu ya sakafu, ambapo panya mwoga hujibanza penye kuta, panya wa Edmonton walithubutu kwenda penye uwazi kuliko wenzao. Sisemi kila kitu kilianguka, kwani tofauti za koo katika kupenda pombe zilijitokeza kotekote. Tofauti kubwa zilisimama, ndogo zikayumba. Na ngapi kati ya hizo tunazozitangaza kwa kishindo ni kubwa?

Sasa mtazameni panya mwenyewe. Ni kiumbe wa usiku, nasi twamwamsha mchana tukamhoji. Dunia yake anaijua kwa pua. Mwaka 2014 Jeffrey Mogil na wenzake wa Chuo Kikuu cha McGill walionyesha kwamba mwanamume akiwapo chumbani, panya huonyesha maumivu kidogo kuliko kawaida. Hata fulana aliyoivaa mwanamume ikiwekwa karibu, yatosha! Harufu ile huwatia hofu, na hofu hufunika maumivu. Jamani, mnasema dawa imetuliza, kumbe katuliza mpimaji aliyesimama mlangoni.

Na mkono je? Jane Hurst na Rebecca West wa Liverpool walithibitisha mwaka 2010 kwamba panya anayenyanyuliwa kwa mkia, kama ilivyo desturi ya maabara nyingi, huwa na wasiwasi zaidi ya yule anayeingia bombani mwenyewe au anayebebwa katika viganja. Halafu mnamweka kwenye jaribio la woga. Mlipima dawa, au vidole?

Tena moyo wa mpimaji nao una hila. Mwaka 1963 Robert Rosenthal na Kermit Fode waliwaambia wanafunzi kwamba baadhi ya panya ni werevu na wengine wazito, ilhali wote walikuwa wa namna moja. Walioitwa werevu wakafanya vizuri zaidi! Miaka 46 baadaye, uchunguzi wa makala 271 za tafiti za wanyama ulikuta asilimia 87 hazikutaja kugawa wanyama kwa kura, na asilimia 86 hazikutaja kumficha mpimaji asijue nani kapewa nini.

Tubuni basi, kwa kalamu! Pigeni kura kabla ya kugawa vizimba. Mwenye kuhesabu asijue dawa iko wapi. Andikeni aliyemshika panya ni nani, alimshikaje, saa ngapi, kwenye joto gani. Jaribio moja lirudiwe na maabara nyingine, kwa mikono mingine, kabla mgonjwa hajaombwa kumeza kidonge cha kwanza.