Dhiki ya Moyo si Upungufu wa Imani



Wako kati yetu ambao wakimwona mtu amelemewa na mawazo, hali wala halali, humwambia imani yake ni dhaifu. Wengine humpeleka kwa mganga akavishwa hirizi. Yote mawili ni makosa.

Na tuitazame Turkana. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992. Wako waliozaliwa humo, na leo wana watoto. Miongoni mwa wakaao humo wamo ndugu zetu Waislamu, kutoka Somalia na Sudan. Mwaka 2025 posho yao ya chakula ilipunguzwa. Na huko pande za Lodwar, ukame wa miaka 2020 hadi 2023 uliua mifugo ya watu. Mama asiyejua wanawe watakula nini kesho, moyo ukimwenda mbio na usingizi ukamruka, je, huo ni upungufu wa imani? La! Ni mzigo uliomzidi mbebaji.

Nabii Yakub (a.s.) alimlilia mwanawe hata macho yake yakawa meupe, naye ni Nabii. Alimshitakia Mola huzuni yake; kisha akawatuma wanawe wakamtafute Yusuf, wala wasikate tamaa. Dua na juhudi, pamoja.

Basi mwenye dhiki na amwombe Mola, amfunulie siri yake mtu mwaminifu, na aende kwa daktari bila ya kuona haya. Nasi tulioshiba tusimhubirie subira mwenye njaa na mikono yetu i mitupu. Tumsikilize, tumpunguzie mzigo. Ndipo tumwambie asubiri.

Wabillahi tawfiq.